Kisu Ulichokitupa Kwenye Nepia

Mutua mjukuu wangu, wewe uliyesahau njia ya Mitaboni,

Sitakuuliza habari yako. Habari yako naijua kwa sababu unaitangaza. Mimi ndiye wa kuulizwa habari, maana mimi ndiye niliyeachwa. Uliondoka hapa Krismasi jua likiwa bado juu, chapati ziko kwenye sufuria, na ile mbuzi uliyoileta mwenyewe haijaisha kuchomwa. Tangu hapo tumevuna, tumelima, tumepanda, tumevuna tena, na sasa vumbi limerudi mahali pake mlangoni kwangu. Wewe hujarudi. Kutoka kwako Syokimau mpaka hapa mtu akinywa chai ya asubuhi huko, anafika hapa tumbo bado linakumbuka hiyo chai. Watu wanatoka Mombasa wanakuja kuona mama zao. Kwani wewe uko ng'ambo? Kwani barabara ya Machakos imefungwa na hawakutuambia?

Anayeandika hapa ni shangazi yako Mwende. Mimi kalamu haijui mkono wangu, hilo unalijua. Nimemwambia aandike vile natamka na asitie sukari. Akijaribu kutia nitamwambia anisomee tena, na nitaijua hiyo sukari kwa masikio. Akimaliza ataiweka kwenye grupu ya familia kwenye simu, ile grupu ambayo uliandika kwamba Susu, yaani mimi nyanya yako, amezeeka vibaya, anawapa watoto visu wachezee, na wewe ulitoka hapa mtoto akivuja damu ukamkimbiza hospitali. Mwende alinisomea. Akanisomea na pole zote mlizopewa, moja moja, na vile vidole vya kuomba Mungu vinavyochorwa kwenye simu. Pole zilikuwa nyingi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza, na Susu je, anasema ilikuwa vipi?

Basi ulisema mbele ya watu, nami nakujibu mbele ya watu. Wasome wote. Wakimaliza kusoma, aliyekutumia pole na aichukue pole yake.

Nianze na kisu, kwa sababu huko kwenye grupu kuna wake na waume mlioolewa na kuoa juzi, mnasikia kisu, kisu, mnafikiri ni upanga. Ni kisu cha kukunja. Ukikifunga ni urefu wa kidole changu cha kati. Mpini wake wa kwanza ulikuwa plastiki, ukapasuka, mzee wangu akachonga mwingine wa mti wa mukau, akaupaka mafuta mpaka ukapata rangi ya chai kavu. Yeye aliuchonga, mimi nikaubeba. Kinakaa kwenye pindo la leso, hapa kiunoni, au chini kabisa kwenye kiondo, chini ya miwani na vitambulisho. Nilianza kukibeba nikiwa msichana aliyeolewa juzi, na siku nisipokuwa nacho najisikia kama mtu aliyetoka nje bila viatu.

Nakifanyia nini? Muulize mwenye mikono anafanyia nini vidole. Nakata nyuzi za mkonge nikisuka kiondo. Nafungua gunia la mbolea. Namenya chungwa, natoa mwiba kwenye mguu, nakata kamba ya mbuzi, nachonga kijiti cha kuziba tangi linapovuja. Ile siku mzee aliwekwa pale juu kwenye chumba cha wageni wakimvalisha suti ya kuzikwa nayo, shati lilikuwa jipya, limefungwa na plastiki na pini na karatasi za kola. Watu wazima wamesimama pale wanavuta kwa meno. Nikatoa kisu changu nikakata. Mzee alivalishwa kwa kisu alichokichongea mpini. Hiyo ndiyo silaha yangu.

Sasa wewe, Mutua. Hao wengine nawaeleza, lakini wewe sikuelezi. Wewe unakumbushwa.

Uliletwa kwangu meno ya maziwa yakiwa yanacheza, baba yako na mama yako wakiwa na kazi Mombasa. Ulikuwa na jina la mzee wangu, kwa hivyo nikakuita mume wangu tangu siku ya kwanza, kama desturi yetu ilivyo, na wewe ukalia ukasema hutaki kuoa mtu mzee. Mzee alikuwa amekaa hapo. Akakwambia, "Usilie, jina langu, hata mimi sikuwa nataka." Siku hiyo niliwatengea chakula nyote wawili mwisho, baada ya watu wote.

Ulikuwa mtoto wa kushika kila kitu. Nilijua mapema kwamba kisu nikikificha utakitafuta, ukikipata utakitumia peke yako nyuma ya choo, na huko ndiko watoto hukatika. Kwa hivyo sikukificha. Nilikuweka hapa miguuni nikakufunza. Kata ukienda mbele, usikate ukijirudia. Ukitembea, kimefungwa. Ukimaliza, futa kwanza. Ukiwa na hasira, kisu hukijui.

Na lile la mwisho, ambalo ndilo kubwa, ambalo mama mkwe wangu alinipa mlangoni kabla hata sijaonyeshwa mahali pa kulala. Katika boma hili kisu hakipokezwi mkononi. Mwenye nacho anakiweka chini, mpini ukimwelekea mwenzake, anatoa mkono. Mwenzake anaokota. Watu wanasema ukipokea kisu mkononi mtagombana na aliyekupa. Mimi hayo ya kugombana sikuyafuata sana. Niliangalia vidole. Kisu kikishikwa na watu wawili, kuna mmoja ameshika mahali pabaya.

Ulilipenda hilo neno kuliko yote. Ulikuwa unakiweka kwenye kigoda, unarudi nyuma, unafunga mikono mgongoni kama mtu wa kanisani anayetoa sadaka. Unakumbuka siku ya yule jogoo? Mzee ameshika jogoo kwa mkono mmoja, mabawa yanapiga, jasho linamtoka, ameunyoosha mkono mwingine kwako.

"Lete kavyu."

Wewe ukaweka kisu chini kwenye majani.

"Mutua, sina nafasi. Nipe hapa mkononi."

"Umau, okota. Susu alisema."

Mzee akaniangalia mimi, akakuangalia wewe, akaanza kucheka, na alipocheka mkono ukalegea na jogoo akaenda zake mpaka kwa jirani. Tulikula maharagwe. Mzee hakukukaripia. Alisema nyumba hii sasa ina askari wake. Mutua, ulikuwa mdogo hivi, na ulimkatalia mwenye boma, mwenye jina lako, mtu ambaye mimi mwenyewe nilimkatalia mara chache. Naomba ushike hiyo picha kichwani, kwa sababu nitairudia.

Halafu ile mbuzi nyeupe. Ulikuwa unachunga peke yako kule chini kwa kisiki cha mgunga, na mbuzi akajizungusha na kamba mpaka ikamkaba, ulimi nje, macho yamegeuka. Mtoto mwingine angekimbia nyumbani kuita watu, na watu wangefika kubeba nyama. Wewe ulifungua kisu, ukapitisha makali upande wa nje wa kamba, ukakata ukienda mbele. Nilikuona ukipanda huku juu, mbuzi mbele yako anakohoa kama mzee, na wewe nyuma umeshika vipande viwili vya kamba, uso umekunjamana.

"Susu, nimeharibu kamba."

"Kamba tutasokota nyingine."

"Mzee atakasirika?"

"Mzee ataoga avae shati aje akusalimie kwa mkono."

Na alikusalimia. Tangu siku hiyo kisu kilikuwa chetu wawili. Asubuhi nakiweka kwenye kigoda, unaokota unaenda na mbuzi. Jioni unakiweka kwenye kigoda, naokota. Kisu kimoja na watu wawili, miaka yote hiyo, na hakikuwahi kuguswa na mikono miwili kwa wakati mmoja. Hata ulipoenda shule ya kulala, hata ulipopata kazi huko Athi River, ukija hapa ulikuwa unakaa kabla ya kusalimia, nakiweka chini, unaokota, unamenya chungwa, ndipo unaniuliza, "Susu, mmelala vipi?" Mimi kwa hilo nilijua bado wewe ni wangu.

Sijui ni mwaka gani uliacha. Mambo ya namna hiyo hayapigi kengele. Siku moja niliweka kisu kwenye kigoda na wewe ulikuwa unaangalia simu, na chungwa nikalimenya mimi.

Halafu ulinichukua nikaone nyumba yako Syokimau, ukanipeleka kwenye lile duka kubwa lenye ngazi zinazotembea. Pale mlangoni kuna soja na kile kifimbo chake kinacholia. Kikalia kwenye kiondo changu. Nikamwambia, "Ni kisu, mwanangu. Kiko chini ya miwani." Wewe ulisogea pembeni, ukaanza kusoma tangazo kwenye ukuta, kama mtu ambaye amekutana na mimi hapo tu. Nilikuona. Soja akakitoa, akakifungua, akakipima kwa kidole gumba, akasema kwa Kikamba, "Susu, huu ni mukau." Nikamuuliza yeye ni mtu wa wapi, akasema wa Kivaa. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akanionyesha kifungo cha shati, uzi unaning'inia mpaka kwenye mshipi. "Nikatie huu uzi, msimamizi amenisumbua nao tangu asubuhi." Nikamkatia. Akanieleza kwa heshima kisu kitabaki naye kwenye droo mpaka nitoke, sheria ni hiyo. Nikamwambia ni sawa. Kila boma lina sheria yake, na mimi nikienda kwa watu nafuata ya kwao. Nilipotoka akakiweka juu ya meza, akatoa mkono, nikaokota. Hakuna aliyemwambia. Alitoka na desturi hiyo nyumbani kwao.

Lakini wewe kwenye gari ulisema, "Susu, utaniaibisha. Siku hizi kisu ni cha wezi." Mbele ya mke wako Mutheu, mbele ya mtoto. Nikaangalia zile nyumba ndefu. Nilikuwa nahesabu ni mbuzi wangapi uliowalinda kwa kitu cha wezi.

Sasa tufike Krismasi, na hapa Mwende nimemwambia aandike polepole.

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nje ya jikoni, nasuka. Kasyoka, mtoto wako, amekaa kwenye kile kigoda cha pili, magoti yamegusana na yangu. Hilo la kumfunza sikulianzisha mimi. Aliniona nakata uzi akaniuliza, "Susu, na mimi?" Nikamfunza vile nilivyokufunza wewe, kwa maneno yale yale, kwa sababu sina mengine. Alikuwa amemenya chungwa zima na ganda halijakatika, akalivaa kwenye mkono kama bangili. Alikuwa anapunguza ncha za mkonge, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo, kama wako ulivyokuwa unatoka. Mutua, nilikuwa na furaha. Nakwambia hivyo ili ujue ulichokiingilia.

Ukaja kutoka kwenye moto wa nyama, simu mkononi. Ukasimama.

"Kasyoka. Hiyo kitu. Lete hapa."

Mtoto akasikia baba. Akafanya haraka. Akashika bapa la kisu kwa vidole ili mpini ugeuke uangalie kwako, akainama akiweka kwenye kigoda, kama alivyofunzwa asubuhi hiyo. Kilikuwa bado kidogo tu kufika. Wewe ukanyoosha mkono ukashika mpini ukavuta.

Vidole vyake vilikuwa bado juu ya bapa.

Hivyo ndivyo mtoto wako alikatika. Sikuwa na kisu mimi. Hakuwa anachezea yeye. Kisu kilikuwa kinawekwa chini na mtoto anayetii, na mtu mzima akakinyakua kutoka mkononi mwake, mtu ambaye akiwa na umri wa huyo mtoto alimkatalia mzee mzima na jogoo wake. Ungengoja tu. Ungemngoja mtoto atoe mkono.

Vidole viwili, ngozi ya juu. Nikararua pindo la leso nikamfunga, damu ikaanza kupungua. Wewe ukalivua lile pindo ukalitupa, ukamwagia maji ya kunywa, ukapiga kelele mpaka kuku wakapanda mti. "Susu, unataka kuniulia mtoto?" Mutheu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Na kabla ya kumbeba mtoto, uliangalia kile kisu. Nilikuona ukikiangalia. Ulikiangalia kikiwa kwenye mkono wako, na mkono wa mtoto ulikuwa mtupu, na ndipo ukakirusha juu ya ua, kule kwenye nepia, majani ya ng'ombe, kwa nguvu, kama mtu anayetupa kitu cha moto.

Kwa hivyo usiniambie hujui. Unajua. Mkono wako ulijua kabla ya mdomo wako kuanza kuongea, na mdomo umekuwa ukiongea tangu siku hiyo ili mkono usisikike. Ulianza kuongea kwenye gari, ukaongea hospitali, ukaongea kwenye grupu. Mpaka watu wa Kangundo, upande wa mama yako, walimuuliza Mwende kanisani kama ni kweli Susu sasa anafungiwa.

Hayo ya kuitwa mzee mbaya ningeyameza. Nimeitwa mabaya zaidi na watu wazuri zaidi yako. Ningekaa hapa nisuke viondo vyangu mpaka uchoke kununa. Kinachofanya nikuandikie ni simu.

Mutheu alinipigia. Usimgombeze kwa hilo, nitajua. Alisema kuna mtu anataka kunisalimia, na nikasikia kwanza pumzi, halafu ile sauti ndogo.

"Susu, vidole vimepona. Vimebaki na mstari."

"Mstari ni mzuri. Hata mimi ninao, utauona ukija."

"Susu, ile siku. Kama singeweka chini. Kama ningempa baba tu mkononi. Singekatika?"

Mutua, nimezika mume. Nimezika watoto wawili ambao hukuwajua. Swali hilo lilinichoma kuliko hayo yote. Nilimwambia, "Ulifanya sawasawa. Ulifanya vile watu wa boma hili wote wamefanya." Halafu akasema, "Lakini baba anasema ulinifunza vibaya. Siku hizi ananikatia hata mkate. Nikiona kisu cha meza naficha mikono chini ya meza."

Umesikia? Mtoto amekaa huko kwenye nyumba yako ndefu, anajiuliza kosa lake lilikuwa wapi, na kosa pekee analoliona ni kwamba alitii. Amepima, akaona baba hawezi kukosa, Susu yuko mbali, kwa hivyo aliyekosa ni yeye. Umechukua kitu ulichokifanya wewe ukakiweka kwenye vidole vya mtoto wa darasa la pili, na kila akiona huo mstari anausoma hivyo. Mimi sijui kusoma, lakini huo naujua umeandikwa nini, na umeandikwa uongo.

Hiyo ndiyo hasira yangu. Si kisu, si grupu, si kuambiwa nimezeeka. Nimezeeka kweli. Ningekuwa na miguu ningekuja huko Syokimau kwa hiyo miguu, nisimame mlangoni kwako, nikuvute sikio mbele ya majirani wako wote wenye magari. Shukuru goti langu.

Kisu nilikitafuta. Kila siku nikikatia ng'ombe nepia nilikata mstari mmoja, nikaangalia chini, nikakata mwingine. Nilimwogopea ng'ombe pia, akimeza chuma ndio basi. Mwende akasema twende soko tununue kingine, viko vingi, vingine vina hata tochi. Nikamuuliza, kwani kile kimekufa? Kilikaa huko mvua yote. Nilikipata juzi kwenye mizizi, karibu na ua wa jirani. Sikudhani ulikitupa mbali hivyo, una mkono wenye nguvu kwa mtu wa kukaa ofisini. Makali yalikuwa yameshika kutu, mpini umevimba kidogo. Mchwa waliujaribu wakauacha, mukau hawauwezi. Nilikaa na jiwe hapo kwa tangi mpaka chuma kikarudi cheupe. Nikatia mafuta kwenye ule msumari kinapokunjikia. Zamani kilikuwa kigumu, mtoto hangeweza kukifunga peke yake. Sasa kinafunguka na kufungwa kwa kidole kimoja, hata kidogo, hata chenye mstari.

Sikukitia kwenye leso. Nimekiweka kwenye kigoda, kile cha Krismasi, hapo ndani pembeni ya kitanda changu, kimefungwa, mpini ukiangalia mlango. Sasa nakata mkonge kwa kisu cha jikoni, kikubwa, kinaniumiza mkono, na napiga kelele kila siku mpaka Mwende amechoka na mimi. Lakini hicho sikigusi. Nimekiweka chini, nimetoa mkono. Ni wewe unangojewa.

Kwa hivyo utakuja. Usije na kilo za sukari wala blanketi, ninazo blanketi za kufunika kata nzima. Usije na maneno ya kwenye simu. Kuja na Kasyoka, na Mutheu kama ana nafasi, amalizie chapati zake. Usinisalimie kwanza. Ingia, okota kisu, kaa nje kwenye mkeka, umenye chungwa moja mtoto akikuona. Huku ukimenya mwambie jinsi ilivyokuwa Krismasi, kwa mdomo wako huo huo, kwamba yeye alikuwa anaweka chini vizuri na baba hakungoja. Hayo tu. Hata ukilia, endelea kumenya.

Ukimaliza, futa kisu, kifunge, kiweke kwenye kigoda, mpini ukimwangalia yeye. Halafu toa mkono, Mutua. Rudi nyuma, funga mikono mgongoni kama zamani, na ungoje mpaka aokote mwenyewe, hata kama ni mpaka kuku waingie kulala. Mtu akikupigia simu, usishike.

Mimi nitakuwa hapo jikoni, mgongo nimewapa, nasikiliza.

Susu yako, mke wako wa kwanza,
Mitaboni